Jangwa Letu la Ghorofa ya Kumi na Moja

Kitu cha kwanza mama alichokisifu Toronto kilikuwa chumvi. Alikuwa ametua asubuhi ile kutoka Tanga, miguu imevimba kwa safari, nami nilimkaangia mayai mawili nikamwekea chupa ya chumvi mezani. Akaipindua chupa, akaitikisa kwa nguvu zote za mtu aliyepambana na chumvi iliyolowa kwa miaka sitini na tisa. Mayai yakafunikwa meupe. Akaifungua, akachungulia ndani akitafuta zile punje za mchele ambazo kila nyumba ya kwetu huzitia ili zinywe unyevu. Hazikuwamo.

"Haigandi?" akauliza.

"Haigandi, mama. Huku hewa ni kavu."

"Basi huku kitu kinaanikika," akasema, akakwangua chumvi kwa ncha ya kijiko na kuyala mayai yake yote.

Sikujua wakati ule kwamba alikuwa amekwisha kuukagua mji na kuupa alama zake.

Nimeishi Toronto miaka ishirini na mitatu. Nilikuja kusoma historia, nikahitimu, kisha nikaajiriwa na ofisi ya bima ambako hadi leo nasoma maelezo ya watu juu ya dari zilizovuja na majiko yaliyowaka moto. Ni kazi ambayo somo la historia liliniandalia vizuri kuliko nilivyotarajia. Niliolewa hapa, na hapa hapa tukaachana bila kelele. Watu wa nyumbani wakinipigia simu huniuliza baridi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ukavu, na ukavu ndio habari yenyewe.

Mwezi wa kwanza, theluji inapofika magotini huko nje, ndani ya nyumba zetu huwa jangwa. Jengo letu la Weston ni la zamani, na chini ya kila dirisha hupita mabomba ya maji ya moto yaliyofunikwa kwa bati, yakipasha hewa bila kupumzika mpaka isibaki na tone la unyevu. Midomo hupasuka. Mbao za sakafu huachana. Sweta ukilivua hutoa cheche. Ukimpa mtu mkono kwenye lifti, nyote wawili mnaruka kwa umeme, kisha mnacheka, na mara nyingine huo ndio mwanzo wa ujirani. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilitoka damu puani siku tatu mfululizo, nikaenda kwenye zahanati ya chuo nikiwa na hakika kwamba nakufa ugenini. Muuguzi akanipa kopo la mafuta ya mgando na kuniambia nirudi mwezi wa tano ikiwa bado sijapona.

Dada yangu, aliyenizidi miaka sita, ni muuguzi pia, ila yeye yuko kwenye jangwa linalotambulika. Anaishi katika mji mmoja wa Arizona, na amekaa huko karibu muda ule ule niliokaa mimi huku. Kwa miaka mingi simu zetu zilikuwa na ufunguzi mmoja.

"Leo nyuzi arobaini na nne," angesema, "lakini joto kavu, mdogo wangu. Hata hulisikii."

"Sisi leo ishirini chini ya sifuri, lakini baridi kavu, dada. Haikuingii mwilini."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Nimejifunza kwa nani?"

Nikikata simu, mara nyingine nilikaa nikitafakari jambo hilo. Tulizaliwa mahali ambapo shuka iliyofuliwa huchukua siku mbili kukauka, vitabu vya shule huota ukungu kabatini, na mafuta ya kujipaka huwa ni ya kung'arisha tu. Kisha kila mmoja wetu akaenda kuishi mahali panapomkausha, na kila mmoja akautetea mji wake kwa neno lile lile.

Mama alikuja kukaa nami baada ya baba kufariki, miaka minne iliyopita. Majira yake ya kwanza ya baridi nilimshika mkono tukashuka kuona theluji, na wakati huo huo gari la manispaa likapita likimwaga chumvi barabarani. Akasimama kulitazama mpaka likakata kona.

"Wanautia mji chumvi?" akauliza.

"Ili watu wasiteleze."

"Mji mzima, kama ng'onda," akasema, na tangu siku hiyo Toronto kwake ikawa samaki mkubwa aliyetiwa chumvi na kuanikwa.

Na yeye alikuwa mwanikaji. Mtaa wetu wote wa Tanga ulikula achari yake. Alikata embe mbichi vipande vyembamba, akazisugua chumvi na bizari ya manjano, akazitandaza kwenye masinia juani siku nne au tano mpaka zijikunje, ndipo azichanganye na pilipili, haradali na uwatu uliokaangwa mafutani. Ukichelewa kuzianua mvua ikazikuta, kazi yote imekwisha. Utoto wangu ulikatizwa mara nyingi na sauti yake ikiniita nikimbilie masinia.

Wiki yake ya tatu hapa, aliweka kiganja juu ya lile bati la chini ya dirisha, akakiacha pale, akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba mwanawe amekuwa akificha mali. Siku iliyofuata tukaleta embe mbichi kutoka duka la Wahindi. Akapanga vibao juu ya bati, masinia matatu juu ya vibao, kitambaa chepesi juu ya masinia. Nje palikuwa peupe mpaka ng'ambo ya mto Humber, treni ya uwanja wa ndege ikipita kama kijiti juu ya karatasi. Ndani, embe zikaanza kujikunja siku ya pili.

"Sebuleni hakunyeshi," alisema kwa heshima kubwa.

Harufu ya haradali ndiyo iliyomleta jirani. Ni mama wa Kigoa, mstaafu, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa mpiga chapa wa serikali kabla ya familia yake kuhamia huku. Tulikuwa tumeishi korido moja miaka sita tukisalimiana kwa vichwa. Jioni ile aligonga mlango, na nilipofungua akanipita begani kwa macho na kuuliza, kwa Kiswahili cha Dar cha zamani kisicho na doa, "Nani anakaanga haradali humu?"

Tangu hapo hawakuachana. Mama ana desturi moja asiyoweza kuieleza: embe zinazokauka haziachwi zikae peke yake. Tanga nilidhani ni kwa sababu ya kunguru. Hapa hakuna kunguru ghorofa ya kumi na moja, na bado kila asubuhi mama huvuta kiti dirishani, jirani huvuta kiti cha pili, na wanakaa na embe. Wanageuza vipande. Wanatazama treni. Wanagombana juu ya siki, kwa maana Wagoa huitia kwenye achari na mama huiona kuwa ni njia ya mkato.

"Nyie siki mnatia mpaka kwenye uji," mama humwambia.

"Na nyie, shoga, mafuta yenu yangewasha taa za Tanga nzima."

Mimi hufanya kazi nyumbani siku mbili za wiki, na siku hizo nasoma habari za dari zilizovuja huku nikisikia sauti zao. Naandika hili bila aibu: hizo ndizo siku njema kuliko zote nilizowahi kuishi katika mji huu.

Ndipo, mwaka huu, mwezi wa pili, dada akapiga simu kusema anakuja kumchukua mama.

Hoja zake zilikuwa nzito na sikuweza kuzikataa. Magoti ya mama yalikuwa mabovu. Tangu mwezi wa kumi na moja hakuwa ametoka nje bila mtu wa kumshika. Nyumba ya dada haina ngazi. Ina ua, na katika ua mna mlimau. Jua halikosekani. Chumba cha mama kilikuwa tayari, kimepakwa rangi.

"Na nyumba yako inamkausha mama," aliniambia. "Kikohozi kile nakisikia kwenye simu. Ni hewa yako hiyo."

Mama alipoelezwa alisema tu, "Na aje kwanza. Nitamsikiliza. Siku ya kuondoka kwake nitasema naenda au nabaki."

Ningependa kuandika kwamba nilifikiria magoti ya mama. Nilifikiria sebule yangu bila mama. Nilifikiria kurudi kutoka kazini saa kumi na moja na kukuta masinia yameegemezwa ukutani. Na kwa kuwa sikuwa na jibu la magoti wala la mlimau, nikashika lile moja nililoweza kulinunua. Nilinunua mashine ya kutia unyevu hewani, chombo cheupe chenye umbo la yai kinachotoa mvuke mwembamba bila sauti, nikaificha nyuma ya pazia la sebuleni. Nilitaka dada aingie, avute pumzi, akose la kusema. Sikutaka ajue kwamba maneno yake ndiyo yaliyonipeleka dukani. Kila alfajiri, kabla mtu mwingine hajaamka, nilinyata na jagi la maji nikaijaza.

Dada alifika akiwa na koti la kuazima na makopo matatu ya mafuta ndani ya mkoba. Akamwamkia mama, akalia kidogo, akanikumbatia, kisha akainua pua.

"Mbona humu laini?" akasema.

"Ndivyo kulivyo," nikajibu, na moyo wangu ukaruka kama wa mwizi aliyepita mbele ya polisi.

Mama alikuwa ameanika embe siku ile ile, sinia tatu zilizojaa, ili dada arudi na chupa za achari mkobani. Akamkalisha kwenye kiti cha tatu dirishani. Kwa siku mbili niliwatazama wanawake watatu wakikaa na embe, na nikaona dada akilegea mabega. Alikuwa amekuja na mipango, na mipango haikai vizuri kwenye kiti kile. Aliwaeleza habari za mji wake: kwamba taulo hukauka kabla hujalitundika, kwamba baada ya mvua jangwa lote hunuka kama dawa ya miti, kwamba machweo yake humfanya mtu asimamishe gari kando ya njia. Hakusema uongo, na nilivutiwa mwenyewe. Mama alisikiliza, akageuza vipande.

Siku ya tatu vipande havikujikunja.

"Zimelala," mama akasema, akiinua kimoja kikaning'inia kama kamba ya kiatu.

"Siku nyingine hivi," jirani akasema. "Ungetia siki..."

"Usinianze, shoga."

Siku ya nne sinia moja ilikuwa imeota manyoya meupe. Mama hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Aliketi akahesabu watuhumiwa. Embe zilikuwa za nchi nyingine kuliko za mwaka jana. Dada alikuwa amekuja na jua la uongo kwenye nguo zake. Mwishowe akaamua kwamba jengo limepunguza moto ili kubana matumizi, akamtuma jirani ashuke kumwita msimamizi.

Mimi nilikuwa mezani na kompyuta yangu. Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Ningeweza kusema pale pale, na sikusema.

Msimamizi wa jengo letu ni Mkongomani mpole mwenye funguo nyingi kiunoni. Akavua viatu mlangoni, akapiga magoti mbele ya dirisha, akagusa bati na kuuondoa mkono haraka.

"Mama, shofaji iko moto sana," akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Ukiweka mukono, utaungua."

"Basi kwa nini embe zangu zimelala?"

Akatazama embe. Akanusa. Akalipapasa pazia, akaona limelowa, akalivuta kando. Lile yai jeupe lilikuwa limekaa pale chini ya sinia ya tatu, likipumua.

"Na hii mashine?" akasema. "Inatupa mayi mu hewa. Mama, shofaji inakausha, mashine inalowesha. Utaanika mpaka lini?"

Mama akageuza kichwa taratibu, akampita dada, akampita jirani, akafika kwangu.

"Nani kaleta dude hili?"

"Ni mimi, mama."

"La nini?"

"Nilitaka nyumba iwe nzuri. Dada alisema hewa yangu inakukausha." Nikafunga kompyuta. "Sikutaka uende."

Kabla mama hajajibu, dada aliangua kicheko cha kike cha Tanga, kile kinachoanzia tumboni, akashika ukuta. "Mama, alikuwa akichota maji alfajiri! Kila siku namsikia anapita na jagi. Nikajua anatia udhu! Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mdogo wangu kaongoka!"

Jirani akajifunika uso kwa khanga ya mama. Msimamizi naye akacheka, kwa adabu, akitazama sakafu. Mama hakucheka bado. Akamgeukia dada.

"Na wewe unayecheka. Kwako huko hamna dude hili?"

Kicheko cha dada kikakatika katikati.

"Ninalo, mama."

"Moja?"

"Matatu."

"La tatu liko wapi?"

Dada akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka kumi. "Chumbani mwako."

Hapo ndipo mama alipocheka. Alicheka mpaka akaomba kiti, ingawa alikuwa amekalia kiti. "Nimezaa watoto wawili," akamwambia msimamizi, akimfanya shahidi. "Kila mmoja kwa hiari yake kaenda kuishi pakavu. Na kila mmoja anajitengenezea Tanga kwa mashine, kisha anaona haya kusema."

Nilichomoa waya. Sinia yenye manyoya tuliitupa. Mbili zilizobaki jirani alizidai kwa haki yote. Akazizamisha kwenye siki yake na kuziokoa, na mama, aliyekuwa hana njia, akaonja na kusema, "Inalika," neno ambalo jirani amelikumbusha mara zisizohesabika tangu siku hiyo. Msimamizi akapelekewa chupa.

Lakini swali lilikuwa bado lipo. Siku mbili kabla ya dada kuondoka, walikuwa dirishani, embe mpya zikikauka kwa utii, na mama akauliza kwa sauti ya kawaida, "Huko kwako nikianika, nani atakaa nami?"

Dada aligeuza kipande cha embe. Angeweza kusema lolote. Mimi ningesema lolote. "Sijui, mama," akajibu. "Mimi niko kazini tangu asubuhi. Nyumba zetu zimezungushiwa kuta. Jirani yangu namjua gari lake, uso wake siujui vizuri."

"Jua lakini lipo."

"Lipo. Mwezi wa sita ukianika asubuhi, jioni unaanua."

"Siku moja?"

"Siku moja, mama."

Nikaona macho ya mama. Nimeyaona mara chache yakiwa vile. Mara moja yalikuwa juu ya lile bati la dirishani. Nikajua nimeshindwa na jua.

Siku ya kuondoka dada, baada ya chai, akasema neno lake. Hakuhutubia. Alikuwa akifuta mdomo wa chupa ya achari kwa kitambaa.

"Nitakwenda mwezi wa sita."

"Mama, mwezi wa sita watu wanakimbia kule!" dada akapiga kelele. "Wazee wa huku Kanada wanakuja kwetu wakati wa baridi, joto likipanda wanarudi kwao. Wewe utapishana nao njiani!"

"Wakimbie. Jua litabaki langu. Huku miezi hiyo mabomba yamezimwa, nitaanika wapi? Mabomba yakilia, nitarudi."

Akasema hivyo kwa sababu mabomba yetu hulia. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kuwashwa joto, maji ya moto huyapita yakiwa bado baridi nayo hugonga ndani ya kuta, ghorofa kwa ghorofa, kama mtu anayepanda ngazi na nyundo.

"Na ukipapenda ukabaki?" niliuliza. Sauti yangu haikuwa ya mtu mwenye digrii.

"Nikipapenda utaambiwa," akasema. "Sitakunyatia na jagi."

Alikwenda mwezi wa sita. Nilimsindikiza kwa treni ile ile tuliyoizoea kwa mbali, na kutoka ndani yake alilitafuta jengo letu kwa macho, akaliona dirisha, akafurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao.

Majira ya joto hapa ni mazuri kiasi cha kumfanya mtu asahau ahadi zake. Toronto yote hutoka nje. Kando ya Humber familia huchoma nyama chini ya miti, watu wazima hulala juu ya majani bila sababu, na hata ofisini wenzangu husemeshana. Nilitembea kando ya mto kila jioni. Hewa ilikuwa nzito, yenye unyevu, karibu ya Tanga. Midomo yangu ilipona, chumvi yangu ikaanza kushikana kidogo chupani, na nilikuwa na majonzi madogo yasiyoendana na hali ya hewa. Jirani alikuwa na majonzi yale yale. Tulikunywa chai dirishani, hapakuwa na kitu cha kukaa nacho.

Dada alipiga simu wiki ya pili. "Mama ameanika juu ya paa la gari langu."

"Kwa nini?"

"Anasema ua una kivuli cha mlimau. Saa kumi na mbili asubuhi yuko nje na masinia. Saa tatu namwambia aingie ndani, anasema bado hazijageuzwa. Na unajua nani yuko naye?"

Alikuwa bibi wa Kimeksiko wa nyumba ya pili, yule jirani ambaye dada alimjua kwa gari lake tu. Aliona embe juu ya paa kutoka dirishani, akatoka na pilipili ya unga na ndimu, kwa sababu kwao pia embe mbichi huliwa na pilipili. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Bibi yule alikuwa amekuja siku ya pili na kiti chake.

"Wanagombana," dada akasema, na nilisikia furaha katika sauti yake. "Sijui juu ya nini. Nafikiri ni ndimu."

Nilifurahi, na kwa kuwa naandika ukweli, niliogopa vilevile. Mama alikuwa amepata jua, ua, na mtu wa kukaa naye. Mwezi wa saba akaniambia kwamba magoti yanamwendea vizuri. Mwezi wa nane akaniambia kwamba dada siku hizi anatoka kazini mapema ili awahi kuanua. Sikumwuliza swali langu. Niliona kwamba zamu ya dada kukaa kiti cha tatu ilikuwa ya haki, na kwamba ikiwa ingegeuka kuwa ya kudumu, nisingekuwa na hoja ila ile ya kwanza, ya sebule yangu.

Leo asubuhi, katikati ya mwezi wa tisa, nilikuwa nikipiga mswaki niliposikia nyundo ya kwanza ukutani. Nikazima maji. Ikagonga tena, juu yangu, kisha juu zaidi. Nikaenda sebuleni na mswaki mdomoni nikaweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa vuguvugu.

Arizona ilikuwa bado mapema sana, lakini simu iliitikiwa kwa mlio mmoja. Nyuma ya sauti yake nilisikia sinia ikisogezwa juu ya kitu cha bati, na mwanamke akicheka kwa Kihispania.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yamelia?"

"Yamelia, mama. Sasa hivi."

"Mwambie dada yako akate tiketi, mimi nimeshamwambia tangu jana kwamba yanakaribia, hanisikii. Ya Jumamosi. Na nakuja na embe za hapa zimekauka mpaka zinalia kama karatasi, msininunulie nyingi." Sauti yake ikasogea karibu. "Lile dude bado unalo?"

"Liko kabatini."

"Litoe. Nahitaji kabati."

Nikaibeba mashine kwa mikono miwili hadi kile chumba cha chini ambako wapangaji huacha vitu wasivyovihitaji, nikaiandikia kikaratasi kwamba ni nzima. Nilipopanda, jirani alikuwa mlangoni kwangu, amevaa viatu vya nje, chupa ya siki kwapani.

"Nimesikia mabomba," akasema. "Anafika lini?"

"Jumamosi."

Akanikabidhi chupa, akajifunga skafu. "Basi embe tukanunue Ijumaa. Leo tuoshe masinia."